Velo Haina Magoti

Kila asubuhi Lubunga nzima ilimpa Safi pole. Pole alipotoka mlangoni, pole alipopita mbele ya stesheni ya treni, pole tena pale kivukoni. Hata wenye shida kuliko zake, wenye paa linalovuja na watoto wagonjwa, walisimama njiani wampe pole yake ndipo waendelee. Naye alijibu aksanti, aksanti, aksanti, mpaka mdomo ukachoka kabla ya mikono. Na mikono ile, jamani, haikuwa ya kuchoka ovyo.

Mikono ndiyo iliyomtembeza. Polio ilimkamata angali mtoto mdogo kule Kindu, kabla baba yake hajapata kazi ya reli na kuwaleta wote, kwa meli hadi Ubundu na kwa treni hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mkabala na mji wenyewe wa Kisangani. Miguu ikabaki myembamba, haina kazi. Alitambaa mpaka akawa msichana mkubwa, na alipoanza kuona haya kutambaa mbele ya watu, rafiki za baba yake wa karakana ya reli wakaokota mabomba na magurudumu ya baiskeli zilizokufa, wakamchomelea velo ya magurudumu matatu, yenye pedali za kuzungusha kwa mikono. Hakuna aliyewaomba. Waliifanya saa zao za kupumzika, wakaileta mpaka mlangoni huku wakigonga kengele yake kama wendawazimu. Safi aliwataja wanaume wale katika sala zake kila siku, kwa majina, na akimsahau mmoja leo, kesho alimtaja mara mbili.

Masista walimfundisha kushona kwa mashini ya mkono. Ndipo akapata nafasi Makiso, katikati ya mji, kwa Mama Adèle aliyekuwa na atelier ya kushonea nguo nyuma ya soko kuu. Kwa serikali Mama Adèle alikuwa na jina lingine, maana ilikuwa miaka ile ya Zaire ambapo majina ya Kizungu yalikatazwa, lakini wateja hawakujali. Mashini zake zote zilikuwa za miguu isipokuwa moja ya mkono, iliyokaa bure kwenye pembe ikikusanya vumbi. Safi akaikalia. Haikupita muda mrefu wateja wakaanza kuuliza, "Yule mwenye kushona kola iko wapi?" Usiulize jinsi moyo wake ulivyojaa siku alipoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani akayasimulia kwa mama yake, akayasimulia tena kwa jirani, na jirani mwenyewe akasema basi, tumesikia.

Shida ilikuwa mto. Zamani kulikuwa na bac, pantoni ya kuvusha malori, ikaharibika, ikasahauliwa. Upande wa Makiso ulibaki mteremko wake wa saruji, mzuri tu. Upande wa Lubunga maji yalikula mteremko wote, pakabaki ukingo wa udongo, mrefu na mkali, na mvua ikinyesha unateleza mpaka mbuzi wanaukataa. Watu wazima walishuka wakishikana mabega. Velo haikuweza kushuka kabisa. Iliachwa juu kwa muuza mikate, na Safi alishuka mgongoni mwa Wenceslas.

Wenceslas alikuwa mtu wa mto kutoka Yanonge, mwenye mitumbwi miwili mikubwa na mabega ya kubebea pipa. Jina lake nalo lilikatazwa, ila mtoni hakukuwa na polisi wa majina. Alikuwa mwema. Hakuwahi kununa, hakuwahi kumdondosha, na kila alipochuchumaa ili Safi ampande alisema, "Karibu, Mama Prezida." Lakini fikiria mwenyewe: mwanamke mzima, mwenye kazi yake, unapandishwa mgongoni mwa mwanaume mbele ya kivuko kizima, pagne uliyojifunga inapanda magotini, mama yako anakimbia nyuma akiivuta chini. Safi alijishonea suruali fupi ya kuvaa ndani, kwa siri, kwa sababu suruali kwa mwanamke nayo ilikatazwa siku hizo. Ndani ya mtumbwi aliwekwa chini, kati ya vikapu vya kwanga, mikate ile ya muhogo, na samaki, maana ndipo pasipotikisika. Ng'ambo aliteremshwa juu ya gunia, akangoja apatikane mtu mwenye mkokoteni wa kumpeleka sokoni. Siku nyingine alipatikana upesi, siku nyingine jua lilikuwa limeshapanda.

Maji yakijaa, mambo yaliwezekana. Maji yakishuka, baada ya mwaka mpya, ukingo uliongezeka urefu, na chini yake likatokea tope la kuzama mpaka magotini. Hapo hata Wenceslas alikwenda polepole, akipapasa kwa vidole vya miguu. Mwaka uliotangulia Safi alichelewa hivyo msimu mzima, na wateja wakaondoka na vitambaa vyao. Mama Adèle hakuwa mtu mbaya, ila biashara ni biashara. Siku moja, maji yakiwa bado juu, alimvuta kando.

"Safi, mwanangu, nakuambia mbele ili usiseme sikukuambia. Maji ikishuka na ukichelewa tena vile ya mwaka jana, nitaweka mutu mwingine kwa ile mashini. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii, Mama Adèle," Safi alisema. Ilikuwa kweli. Angemkasirikia nani, mto?

Jioni ile alilia nyumbani, na mama yake akalia bombani, kwenye foleni ya maji, ambako ukilia mtaa mzima unajua kabla ndoo yako haijajaa. Habari ikamfikia Papa Zuberi, chef wa mtaa, mzee wa Kasongo mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na hamu ya kuonekana iliyozidi vyote viwili. Akapiga meza.

"Mutoto wa Lubunga apoteze kazi sababu ya tope? Ah non! Jumamosi, salongo!"

Salongo, kwa asiyeijua, ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi: serikali inaamuru, wananchi wanafyeka majani na kuzibua mifereji, na mwenye akili anaugua tumbo tangu Ijumaa. Lakini safari hii, ajabu, hakuna aliyeugua. Wanawake walikuja na mabeseni ya mchanga. Watu wa reli walileta saruji ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Wenceslas na wenzake walivusha mawe kwa mitumbwi. Hata wanywaji wa lotoko, ile pombe kali, walikuja, wakafanya kazi wakitetemeka, lakini wakaifanya.

Mtu mmoja tu hakuruhusiwa kukaribia, naye ni Safi. Papa Zuberi alikuwa hivyo: zawadi kwake lazima ifichwe, ifunikwe, halafu ifunuliwe kwa kishindo. Alizungushia kazi yote ua wa makuti ya michikichi, akaweka mlinzi. Safi alipopita na velo yake asubuhi kwenda kushushiwa pembeni mwa ua, watu waliguna na kuangalia juu. Akiuliza, "Bamama, munajenga nini?" alijibiwa, "Utaona, utaona," na vicheko. Hakuulizwa lolote, wala upana wa velo, wala jinsi anavyoiendesha, maana ukimwuliza mtu habari ya zawadi yake, siri inabaki wapi? Naye aliiacha siri yao. Usiku alilala akitabasamu, na hofu ya maji kushuka ikampungukia.

Siku ya kufungua, Lubunga ilivaa. Kikundi cha animasio kilicheza na kuimba sifa za chama mpaka kikaloa jasho. Mkubwa mmoja wa serikali ya komini alikuja, amevaa abacost nyeusi, ile suti isiyo na tai, na uso usiocheka, akakaa kwenye kiti cha pekee chenye mito. Papa Zuberi naye alikuwa na abacost yake, ya kijivu, inayombana tumboni. Safi aliwekwa mbele kabisa, juu ya velo iliyofungwa maua kwenye pedali. Papa Zuberi akapiga kelele, akimwita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa, "Citoyenne Safi, hii iko yako!" Makuti yakaanguka.

Zilikuwa ngazi.

Ngazi za saruji, pana, nyoofu, kingo zake zimepakwa rangi ya kijani, zikishuka kutoka juu ya ukingo mpaka majini. Nzuri, usifanye mchezo! Hata Makiso hawakuwa na ngazi kama zile. Watu wakapiga vigelegele, ngoma zikalia, na Wenceslas, ambaye siku ile alivaa shati la kanisani, akaja kwa madaha, akachuchumaa mbele ya Safi kama kila siku, tayari kumbeba ashuke naye ngazi zake mpya. Vigelegele vikazidi.

Safi hakumpanda. Aliziangalia ngazi, halafu akaiangalia mikono ya watu. Aliona vidole vilivyopasuka kwa saruji. Aliona bega la jirani yake, yule yule aliyesema tumesikia, limechubuka kwa beseni la mchanga. Akawapenda wote kwa wakati mmoja, na wakati huohuo akajua kwamba maji yakishuka amepoteza kazi, maana ngazi hizi hazitambebea velo hata kidogo, na mwisho wake ni mgongo uleule, gunia lilelile, jua limeshapanda. Afanyeje? Akinyamaza, amekwisha. Akisema, atawaaibisha watu waliomtendea wema ambao hakuwahi kutendewa tangu siku ya velo. Na kulaumu kazi ya salongo mbele ya mkubwa wa komini, miaka ile, halikuwa jambo la kuchezea. Papa Zuberi mwenyewe angeweza kulala ndani.

"Ngoja kwanza, Wenceslas," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaipandisha. "Papa Zuberi, wazazi, ndugu wote. Aksanti. Hata ningeanza kusema aksanti leo, kesho ningekuwa bado nasema. Miye sikuzaliwa hapa, na muko mumenifanyia vile mutu anafanyia mutoto wa tumbo yake."

Watu wakapiga makofi. Akangoja yaishe.

"Lakini niko na neno moja. Velo haina magoti."

Ngoma moja iliyochelewa ikagongwa mara moja, ikakoma. Mkubwa wa komini akainua kichwa.

"Citoyenne, unasema ngazi ya salongo haiko muzuri?"

"Iko muzuri sana, citoyen," Safi akajibu. "Ni mimi na velo tuko vibaya kwa ngazi."

Papa Zuberi alikuwa amesimama mdomo wazi. Aliangalia magurudumu matatu. Aliangalia ngazi, ya kwanza mpaka ya mwisho, kama mtu anayezihesabu. Akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Mungu wangu," alisema. "Tumejengea miguu yetu."

Kikongwe mmoja nyuma akaanza kucheka. Alicheka hi hi hi, akajaribu kujizuia kwa ncha ya pagne, ikashindikana, na kicheko kikaruka kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka kikundi cha animasio kizima kikaangusha mabega. Mama mmoja akafoka, "Miye nilisema tangu siku ya kwanza!" Mwingine akamjibu, "Hukusema kitu! Ulisema rangi ya kijani!" Wenceslas, ambaye bado alikuwa amechuchumaa, alicheka mpaka akakaa chini na shati lake la kanisani. Na Safi mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka, ya furaha au ya hofu hakujua, akayaacha yatoke.

"Kosa iko yangu, citoyen," Papa Zuberi akamwambia mkubwa wa komini. "Uandike jina langu mimi."

Mkubwa yule alimtazama, akamtazama Safi, akaangalia umati unaogaagaa kwa kicheko. Uso wake ulishindana na mdomo wake kidogo, na mdomo ukashinda. "Kazi haijaisha, ni vile tu," alisema akiinuka. "Bon. Mumalize. Nitarudi kufungua ikiisha." Akaondoka, na baada ya gari lake kugeuka kona ndipo Lubunga ilipopumua.

Papa Zuberi hakungoja Jumamosi nyingine. Alivua abacost palepale, tumbo likapata uhuru, akabaki na fulana. Akamgeukia Safi, akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Sasa, mwanangu, wewe njo utasema. Sisi tutafanya. Unataka namna gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Safi swali lile. Walimpa, walimbebea, walimvusha, walimhurumia, lakini kumwuliza, hapana. Akajibu, na alipoanza hakunyamaza mpaka giza. Alitaka mbao zilazwe kando ya ngazi, zile ambazo watu wa mto huviringishia mapipa ya mawese. Watu wa reli wakaongeza mataruma ya zamani chini yake. Jaribio la kwanza mteremko ulikuwa mkali mno: velo ilichukua mbio na Safi juu yake akipiga yowe, na Wenceslas akaidaka ikiwa imebakiza hatua chache iingie majini. "Hii iko ya kuua mutu!" Safi alifoka, na wote wakakubali kwamba kweli, ni ya kuua mtu. Wakaurefusha kwa kuulaza mshazari kwenye ukingo. Safi akasema bado. Wakaurefusha tena. Wakapigilia vipande vya mti ili magurudumu yasiteleze, wakaweka kamba ya kushika. Chini, kwa sababu mto unapanda na kushuka, walifunga mapipa matupu pamoja, wakaweka mbao juu, jukwaa likawa linaelea, likipanda na maji na kushuka na maji, na mbao ndefu za kulifikia juu ya tope.

Ilibaki mtumbwi. Wenceslas alikuna kichwa siku mbili tatu, kisha akafunga mitumbwi yake yote miwili ubavu kwa ubavu, akalaza mbao juu, kama watu wa Isangi wanavyofanya wakisafirisha ng'ombe. "Usikasirike, Mama Prezida," alimwambia, "sikusema wewe iko ng'ombe." Safi akamwambia hata angesema, leo angemsamehe.

Mwaka mpya ukapita. Maji yakashuka, tope likatokea chini ya ngazi za kijani, na asubuhi ya kwanza Safi akatoka nyumbani bila mama yake. Alikwenda akiwaza: labda jukwaa limekaa vibaya, labda mbao zimeoza, labda hiki na labda kile. Alipofika kivukoni alikuta foleni, na foleni haikuwa kwenye ngazi. Ilikuwa kwenye mbao zake! Wanawake wenye mabeseni kichwani, mjamzito anayeshika kiuno, katekista mzee na fimbo yake, watu wa mapipa, wote wameona kwamba kushuka kwa mteremko si kama kushuka ngazi kwa kukunja magoti. Ikabidi angoje zamu kama wengine. Alipoingia mwenyewe, akishika kamba kwa mkono mmoja na breki kwa mwingine, alikwenda taratibu kwa woga, na nyuma yake mama mmoja mwenye beseni la majani ya pondu akapandwa na hasira.

"Weye wa velo! Songa basi! Unafunga njia, watu wako na kazi!"

Safi akageuza shingo. Alimtafuta atakayempa pole, na hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa wanamkodolea macho ya kukasirika, kama wanavyomkodolea mtu yeyote anayechelewesha foleni. Furaha ikampanda kutoka tumboni.

"Na miye niko na kazi!" alijibu kwa sauti ya kivuko kizima. "Ungoje!"

Akashuka mpaka chini, akaingia juu ya mitumbwi miwili na velo yake, akavuka amekaa, anaona mto pande zote, upepo usoni. Makiso alipanda mteremko wa saruji kwa mikono yake mwenyewe, akakata njia nyuma ya soko, akafika kwa Mama Adèle. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaona labda ni siku ya mapumziko ameisahau, kisha akaelewa: hakuwahi kufika mapema kiasi cha kuukuta umefungwa.

Mama Adèle akaja akijikokota, funguo mkononi, akipiga miayo. Alipoiona velo alisimama. Aliizunguka akaitazama kote, magurudumu yenye tope kidogo, kengele, maua yaliyokauka. Akamtazama Safi ambaye hakuwa na tone la tope. Aliuchomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye pete yake, akamwekea Safi kiganjani.

"Alors, kuanzia leo wewe njo utakuwa unafungua," alisema. "Miye nimezeeka, nitakuja nyuma."

"Aksanti, Mama Adèle," Safi alisema, akasogeza velo mpaka mlangoni, akafungua.